Maji ya Nyumba Kumi na Mbili

Goti la Tuaibo lilimkatalia akiwa kisimani, kwenye kidato cha tano kutoka chini. Mguu wa kulia ulikuwa umeshapata pa kukanyaga, wa kushoto ulikuwa bado unapapasa ukuta wa matumbawe, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika kamba iliyolowa tope. Akatulia. Juu yake mdomo wa kisima ulikuwa duara dogo la mwanga, na katikati ya duara hilo kilionekana kichwa cha Alima kilichofungwa kitambaa cha kapulana.

"Nikuvute, kaka?" Alima aliuliza.

Tuaibo alikuwa anangoja goti liamue. Siku mbili zilizopita lilikuwa linalalamika tu, leo limegoma kabisa.

"Vuta," akasema mwishowe.

Alima na waendesha mashua wawili wakamvuta, wakamlaza ukingoni kama gunia la mihogo mibichi. Akabaki chali, macho yake juu, tope likimkaukia kifuani. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kazi ya kusafisha kisima cha Shungi aliirithi kwa baba yake akiwa na kumi na sita, na tangu hapo kila mwaka baada ya mvua alishuka, akazoa tope, akasugua kuta kwa makumbi ya nazi, akapanda. Halafu vita vikaja, watu wa kisiwa wakakimbilia bara, na kwa miaka minne hakuna aliyeshuka. Sasa kila kitu kilichoweza kuangukia kisimani kilikuwa kimeanguka. Siku ya kwanza alipandisha makuti yaliyooza na bati la paa. Siku ya pili zilikuwa sufuria mbili, mizizi iliyopenya kati ya mawe, na vyura waliokufa, wengi kuliko alivyopenda kuhesabu. Leo ilikuwa siku ya tatu, na chini kulikuwa kumebaki tope tu, kiasi cha ndoo nne au tano.

Ndoo nne au tano, ujanani, zilikuwa kazi ya kumaliza kabla uji haujapoa.

Huko bara, kwenye mbuga iliyo nyuma ya kijiji cha Mute, watu wa Shungi walikuwa wanangoja. Nyumba sitini na tatu. Rafique, sekretario wa kijiji chao, alikuwa na majina yote kwenye karatasi ndani ya faili la plastiki ambalo hakuliweka chini tangu siku waliyoandikishwa huko ugenini. Serikali ilikuwa imeshasema kwamba anayetaka kurudi arudi, askari wapo, bahari ni shwari. Lililobaki lilikuwa maji. Rafique alimwendea Tuaibo nyumbani kwake, akakaa mkekani, akamwambia kwamba watu wote wanamtazama yeye. Tuaibo hakufurahi kutazamwa. Lakini kwa miaka minne alikuwa akilima vibarua kwenye mashamba ya watu wengine, akipalilia asichokipanda, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza neno lolote ambalo yeye peke yake ndiye aliyelijua. Akaenda.

Alimwomba Alima aje kushika kamba. Alima alikuwa binti wa mjomba wake, mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mwenye mikono ya kazi na maneno machache. Mume wake alipotea siku ile ya kukimbia. Hakuna aliyemwona akifa wala aliyemwona akiwa hai, na Alima hakukubali kuitwa mjane. Alisema mtu aliyepotea hutafuta kwanza pale alipoacha watu wake, kwa hiyo yeye lazima arudi Shungi akae pale pale.

Alipomwona Tuaibo hawezi kulikunja goti, alivua ndara zake, akajifunga kapulana ya pili kiunoni, akaichukua kamba.

Waendesha mashua walianza kusema. Kisima kile kilikuwa cha msikiti, mwanamke hashuki, wazee wangesema nini. Tuaibo, bado chali, aliwaambia wamfunge Alima kamba vizuri.

Alima akashuka. Tuaibo alijikokota hadi ukingoni, akamtazama. Na hapo akaona jambo ambalo kwa miaka arubaini na mitatu hakulijua ila kwa maumivu ya vidole vyake. Vile vidato vilivyochongwa ukutani, ambavyo yeye na baba yake walivikanyaga kwa ncha za vidole tu, kwa kuwa nyayo zao hazikuingia, vilimmeza Alima mguu mzima. Alishuka bila kutafuta, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake.

Kulikuwa na hadithi mbili za kisima cha Shungi. Ya kwanza ilisomwa msikitini kila mwaka kwenye maulidi. Ilisema kwamba Sharifu mmoja alitua kisiwani akiwa na kiu, akaswali rakaa mbili, akachoma fimbo yake mchangani, na maji yakachimbuka, maji yasiyo na mwisho. Ya pili ilisimuliwa na baba yake Tuaibo, na aliisimulia akiwa kazini tu, ndani ya kisima, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumsuta. Alisema kwamba zamani za Wareno, wanaume wote wa kisiwa walichukuliwa kwenda shibalo, kazi ya kulazimishwa, kutengeneza barabara huko bara. Walibaki wanawake wa nyumba kumi na mbili, na bwawa la zamani likageuka chumvi. Wanawake wale walichimba viangazi viwili, kwa mitaimbo na mashoka ya jikoni, wakipokezana, mmoja akinyonyesha juu na mwingine akivunja mwamba chini. Walipoyafikia maji wakapima, wakaona yanatosha nyumba zao kumi na mbili, wakaacha hapo hapo. Waliogopa kwamba wakizidisha kina bahari itaingia.

Tuaibo alikuwa amezisikia hadithi zote mbili maisha yake yote, na hakuwahi kulazimika kuchagua.

Alima alipandisha ndoo sita za tope. Ya saba ilikuja na mchanga mweupe, safi. Akapanda, akaketi karibu na Tuaibo, na wote wawili wakasikiliza maji yakitiririka chini kutoka kwenye mawe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza na mtoto wake chumba cha pili.

*

Wakayaacha maji siku mbili yatulie. Siku ya tatu asubuhi Rafique alifika kwa mashua ya injini, na faili lake kwapani. Tuaibo akateremsha ndoo kwa utaratibu, akaipandisha, akamimina maji kwenye kikombe, akaonja. Akaonja tena. Akampa Rafique.

Yalikuwa matamu. Yalikuwa matamu kuliko ambavyo yeyote pale aliweza kukumbuka, matamu kama ya mvua. Rafique alikunywa kikombe kizima, akajaza kingine, akanawa uso, na Tuaibo akamwona mtu mzima yule akigeukia upande wa bahari ili wasiyaone macho yake. Kisha akaenda haraka kwenye ncha ya kaskazini ya ufuko, mahali ambapo simu hupata mtandao wa bara, akapiga. Wakamsikia akirudia neno moja kwa kila aliyempokea simu: matamu, matamu, wallahi matamu.

Tuaibo alitoa kwenye mfuko wake vitu vya baba yake: kamba nyembamba yenye mafundo, na chupa ndogo iliyofungwa jiwe chini, na kizibo chenye uzi. Chupa ile hushushwa ikiwa imezibwa, na ikifika kina unachokitaka unavuta uzi, kizibo kinatoka, chupa inajaa maji ya hapo hapo. Alingoja bahari ijae, maana ndipo kisima kinaposema kweli. Maji ya chumvi huingia chini kwa chini na kuyabeba yale matamu juu yake, na mtu anayeonja ya juu tu hajui anaelea juu ya nini.

Fundo la kwanza, matamu. La pili, matamu. La tatu, matamu bado, ila ulimi ulisikia kitu kwa mbali. Chini ya fundo la tatu aliivuta chupa, akaonja, akatema.

Akarudia. Alirudia mara tatu, na kila mara alikuwa anatamani chupa imkanushe. Baba yake alimwachia kanuni moja: fundo moja, nyumba nne, mpaka mvua nyingine. Kabla ya vita kisima kilikuwa na fundo moja tu, tena la wasiwasi, kwa sababu nyumba sabini zilikuwa zikichota humo mchana kutwa. Sasa yamekuwa matatu. Miaka minne bila watu ndiyo iliyoyarudisha. Maji yalikuwa matamu kwa kuwa wao hawakuwepo.

Alima alikuwa amemwona akitema. Akaja, akanyoosha mkono, Tuaibo akampa chupa. Akaonja, akaitazama bahari muda mrefu.

"Nyumba ngapi?" akauliza.

"Kumi na mbili."

"Umemwambia Rafique?"

"Bado."

"Usimwambie leo," Alima alisema. "Waache wafurahi leo."

Tuaibo alikubali, na hilo lilimtesa zaidi. Siku nzima alimwona Rafique akizunguka kati ya magofu ya nyumba, akisema hapa kwa fulani, hapa tutaanzia, paa hili litatosha kwa muda. Na ndani yake Tuaibo alikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia hata Alima. Mke wake, Zuleica, hataki kurudi. Alimwambia waziwazi usiku wa kuamkia safari. Na yeye mwenyewe, akiwa amelala ubavu mmoja ukingoni kwa ajili ya goti, alikuwa amesikia kitu kama raha wakati chupa ilipokuja na chumvi. Raha ndogo, ya mtu mchovu anayeambiwa kazi imeahirishwa. Basi akajiuliza kama ulimi ule ulioonja ulikuwa wake au wa Zuleica. Ndiyo maana alirudia mara tatu. Ndiyo maana jioni hakula.

Asubuhi alimweleza Rafique kila kitu, fundo kwa fundo. Rafique alimsikiliza akiwa amesimama, halafu akaketi kwenye ukingo wa kisima. Alisema kwamba kabla ya vita walikuwa nyumba sabini na waliishi. Tuaibo akamkumbusha kwamba kila ifikapo Septemba walikuwa wanavusha maji kwa madumu kutoka Olumbi, mashua nne kwa wiki. Leo mashua moja tu kuvuka inataka karatasi na mafuta, na mafuta hayapatikani. Rafique akasema kisima hiki ni cha Sharifu, maji yake hayana mwisho, watu wanaamini hivyo tangu babu zao. Lakini alilisema taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine.

Kisha akamtazama Tuaibo usoni.

"Mkeo kapanda mikorosho huko Mute," alisema. "Watasema hivyo. Watasema umewafungia kisima kwa ajili ya shamba la mkeo."

"Najua."

"Na mimi niwaambieje?"

"Waambie nilichopima."

"Nakuuliza wewe, Tuaibo. Ungekuwa huna goti bovu, na Zuleica yuko tayari mlangoni na mkeka wake, ungesema kumi na mbili?"

Tuaibo alitaka kujibu ndiyo. Akachukua kamba na chupa, akavitia mkononi mwa Rafique, akamwambia asubiri maji yajae, apime mwenyewe. Rafique alipima. Alitema mara moja tu, na safari yote ya kurudi hakulifungua faili lake.

*

Mbuga ya Mute mwezi wa saba ni nyasi za manjano mpaka macho yachoke. Watu wa Shungi hawakuizoea. Walikuwa wanasema kuna kimya kinachopiga masikio, na moshi wa nyasi zinazochomwa uliwakohoza watoto. Wengine waliendelea kutandika mikeka yao upande ambao bahari ingekuwepo, mwendo wa saa nyingi kutoka pale.

Zuleica alikuwa nyuma ya nyumba, akimenya mihogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye shingo iliyolemaa kidogo upande wa kushoto kwa ndoo za miaka yote. Walipofika pale na mkeka mmoja tu, jirani yao Inácio, mkulima Mmakonde aliyehamia huko kutoka uwanda wa juu zamani, alimwonyesha Zuleica kipande cha ardhi akamwambia alime, kimelala bure. Hakumuuliza dini wala kabila. Zuleica akapanda mihogo, mbaazi, na mikorosho kumi na mmoja, na mwaka huu mikorosho ilikuwa imetoa maua kwa mara ya kwanza. Bomba la maji lilikuwa hatua arubaini kutoka mlangoni pake. Alikuwa amezihesabu.

Tuaibo akakaa, akamsimulia. Zuleica aliendelea kumenya mpaka mwisho wa habari.

"Umepima vizuri?" akauliza.

"Mara tatu. Rafique naye kapima."

"Basi usinitaje. Ukinitaja watasahau kisima, watanizungumza mimi."

Mkutano ulifanyika Ijumaa baada ya swala, kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai. Habari ya utamu ilikuwa imetangulia. Watu walikuja wamefunga mizigo tayari, vyungu vimekwisha kufungwa ndani ya mikeka, kuku wamefungwa miguu. Rafique alisimama, akasema maneno machache, akamwita Tuaibo.

Hakuwa msemaji. Alieleza kama baba yake alivyomweleza: maji ya juu na maji ya chini, fundo na nyumba. Aliwaambia wakirudi wote, kabla ya mwezi wa kumi watakuwa wanakunywa bahari, na hawatakuwa na mashua ya kuwaokoa. Akawasimulia pia wanawake wa nyumba kumi na mbili, kwa mara ya kwanza nje ya kisima, mbele ya watu. Alipofika kwenye vidato alisema nyayo za wanaume haziingii, na za Alima zimeingia.

Minong'ono ikaanza nyuma. Mzee mmoja alisema hizo ni hadithi za wafanyakazi, kisima ni cha Sharifu na kila mtoto analijua hilo. Kisha mwanamume mmoja, mvuvi aliyekuwa amemuuza mbuzi wake wa mwisho kwa ajili ya safari, akasema kwa sauti kile ambacho Rafique alikitabiri. Kwamba Tuaibo ana mihogo, ana mikorosho, ana bomba mlangoni. Kwamba amekwenda kutazama kisima kwa macho ya mkewe.

Tuaibo alisimama pale, mkono juu ya goti, na watu wakauona ukimya wake wakaufasiri.

Zuleica akainuka kutoka upande wa wanawake. Hakusogea mbele. Alisema pale alipokuwa.

"Mimi sirudi. Nilimwambia kabla hajapanda mashua. Hata kisima kingekuwa na asali nisingerudi, nimebeba maji ya kule miaka thelathini na shingo yangu mnaiona. Hilo ni langu mimi. Kamba ile haina mikorosho. Nendeni mkapime."

Akaketi. Kuku mmoja aliyefungwa miguu alikuwa akipapatika chini ya benchi.

Kisha Alima akauliza, bila kuinuka, kama Tuaibo na Zuleica wamo kwenye zile kumi na mbili.

"Hatumo," Tuaibo alisema.

Mtu akauliza nani atakisafisha kisima. Tuaibo akamtazama Alima, na Alima akayainamisha macho kwenye mikono yake, akaitikia kwa kichwa. Wazee wawili waliondoka mkutanoni kwa jambo hilo. Wengine walibaki.

*

Waligombana siku nne. Walimwomba Tuaibo achague nyumba, akakataa. Alisema yeye hupima maji, hapimi watu. Mwishowe Rafique alilifungua faili, na wakakubaliana waende wale wasiokuwa na kitu chochote bara, wasio na shamba, ambao riziki yao ni nyavu tu. Hesabu ikafika kumi na mbili, ikasimama siku moja, ikaanza kupanda tena. Dada wa mtu hakuweza kuachwa. Mama mmoja mwenye watoto watatu alikaa juu ya mizigo yake akasema atavuka hata kwa kuogelea, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumshusha.

Siku ya kuondoka Tuaibo aliwasindikiza mpaka ufukoni Olumbi, kwenye gari la mizigo lililosimamishwa mara mbili na askari waliotaka kuona karatasi. Alihesabu wakuu wa familia wakipanda. Walikuwa kumi na nane. Rafique, ambaye alikuwa akienda kwa kuwa ni sekretario, alimwona akihesabu, na Tuaibo alimwona Rafique akimwona. Yule mvuvi aliyemsema mkutanoni alipita mbele yake na mzigo kichwani bila salamu. Hilo alilitarajia.

Alima alikuja mwisho. Tuaibo alimpa kamba na chupa. Akamweleza tena kuhusu utambi: kabla ya kushuka teremsha kwanza utambi unaowaka, ukizimika usishuke, hewa ya chini ni mbaya. Alima alisema ameshamwambia hilo mara sita. Tuaibo akasema itakuwa saba, basi. Alitaka kumwambia kitu kuhusu mumewe, kwamba akisikia habari yoyote huku bara ataituma siku hiyo hiyo, lakini Alima alikuwa amekwisha kuingia majini, kapulana ameikusanya magotini, chupa ameishika juu isipigwe na wimbi.

Alisimama mpaka injini zisisikike. Halafu akatafuta gari la kurudi Mute, akakosa, akatembea.

*

Alima alipiga simu mwezi wa nane, akasema mafundo matatu kasoro. Mwezi wa tisa alisema mawili na kidogo, na kwamba amewaambia watu waoge baharini, na kwamba wanamchukia, na kwamba yeye hajambo. Baada ya hapo simu yake haikupatikana. Tuaibo aliijaribu kila asubuhi, akiwa amesimama kwenye kichuguu ambapo mtandao ni mzuri, na sauti ya mwanamke wa simu ilimjibu kwa Kireno kwamba nambari hiyo haipatikani kwa sasa.

Jua la Oktoba likaja. Nyasi zikageuka rangi ya majivu. Kwenye bomba foleni ikawa inaanza alfajiri, kwa sababu maji yalikuwa yanatoka kwa kukohoa, na siku nyingine hayakutoka kabisa. Mikorosho ilikuwa imebeba, punje chache kwa mti, na Zuleica alikuwa akizihesabu kwa macho bila kuzigusa.

Asubuhi moja Inácio alikuja na jembe, sururu na kamba mpya ya nailoni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezungumza Kiswahili chake polepole. Alisema amesikia kwa watu kwamba jirani yake ni fundi wa visima. Akamwomba amwonyeshe pa kuchimba, hapo kati ya mashamba yao mawili, kabla bomba halijafa.

Tuaibo alitoka naye. Wakatembea kwenye mpaka wa mashamba, Tuaibo mbele, akichechemea, akiitazama ardhi. Huko Shungi angelijua hili akiwa amefumba macho: angesikiliza miguu yake, angeonja mchanga, angetazama mahali majani ya mkadi yanapokolea. Hapa udongo ulikuwa mweusi, umepasuka, na nyufa zake ziliingia mkono mpaka kiwiko. Akachota kidogo akaweka ulimini. Ulikuwa na ladha ya moshi tu.

"Yako mbali kiasi gani?" Inácio aliuliza.

"Sijui," Tuaibo alisema.

Hakuwahi kulisema neno hilo kuhusu maji. Alingoja aone aibu, akaona uchovu tu, ule ule, lakini wenye nafasi kidogo ndani yake, kama mzigo uliohamishwa bega. Inácio aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu zuri, akampa jembe.

Walichora duara kwa kamba. Inácio alipiga sururu, Tuaibo akatoa udongo, wakapokezana mpaka jua likawafukuza. Inácio akaenda nyumbani kula. Shimo lilikuwa limefika magotini, kavu mpaka chini, na mabonge ya udongo wake yalikuwa mazito kuliko mawe ya kwao.

Tuaibo akaketi ukingoni, miguu akaitia ndani ili lile goti lipumzike. Baada ya kitambo Zuleica alikuja kutoka upande wa mikorosho, na kibuyu cha uji. Alichungulia shimoni. Alikunja kapulana yake, akaketi kando yake, naye akaiteremsha miguu yake ndani, na nyayo zake zenye vumbi zikafika chini, zikakanyaga.